Mazungumzo ya Nyumbani: Nyimbo Tuzipendazo kwa Siri



Tumepata barua ya mama mmoja akaaye Kipawa, na kwa kuwa neno lake ni neno la nyumba nyingi, twalijibu hapa mbele ya wote. Jina lake twalificha.

Mama huyu alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, akabatizwa akiwa mtu mzima, na sasa mumewe ni mzee wa kanisa. Asema kwamba amezishika ahadi zake, walakini kitu kimoja kimemshinda kukiacha, nacho ni taarabu. Akiwa peke yake jikoni hufunga mlango, huwasha simu kwa sauti ya chini, akasikiliza nyimbo zile alizozisikia utotoni katika arusi za shangazi zake. Mumewe akipiga hodi, huzima upesi na kuanza tenzi. Siku moja mwanawe wa miaka kumi na minne alimkuta. Majuma mawili nyuma kijana huyo alikuwa amechapwa na baba yake kwa kucheza singeli uani. Alisimama mlangoni akauliza, "Mama, na wewe utachapwa na nani?" Kisha akaenda zake.

Mama auliza mambo mawili. Je, upendo wake huo ni dhambi? Tena, binti wa dada yake ataolewa mwezi ujao, na taarabu itapigwa. Je, aende au asiende?

Kwanza na ajue kwamba swali lake ni la kale sana. Agostino, askofu wa Hippo, mji wa Afrika ya Kaskazini ambao leo waitwa Annaba katika nchi ya Algeria, aliandika maungamo yake yapata mwaka 397 hata 400. Katika kitabu cha kumi cha maungamo hayo afikia anasa za masikio, naye hapo ahangaika kama mama yetu. Akumbuka jinsi alivyolia kwa nyimbo za kanisa siku za kuongoka kwake. Kisha aogopa, maana huona mara nyingine sauti yenyewe yamgusa kuliko neno liimbwalo, na hilo alihesabu kuwa kosa. Mara atamani tuni zote tamu ziondolewe kanisani. Amtaja Athanasio wa Aleksandria, aliyemwagiza msomaji wake asome zaburi kwa sauti iliyo karibu na kusema kuliko kuimba. Mara ayakumbuka machozi yake, akubali kwamba nyimbo zafaa. Hakulimaliza jambo lile. Nasi tutazame vema: Agostino hakuwa akiogopa nyimbo za ulevini. Aliogopa zaburi.

Basi utamu huu wa sikio hutoka wapi? Watu wengi hudhani kwamba mtu huchagua nyimbo azipendazo kama achaguavyo kitambaa dukani. Sivyo. Akaaye Kipawa ajua ya kuwa sikio halina mlango. Nyumba zimekaribiana ukuta kwa ukuta. Ndege hupita juu ya mapaa yetu zikitua uwanjani. Barabara ya Julius Nyerere, ile iliyoitwa zamani barabara ya Pugu, haina usingizi. Alfajiri kuna adhana, kisha kengele, kisha redio ya kinyozi, kisha bajaji yenye spika kubwa kuliko injini yake. Jioni ni mazoezi ya kwaya, na usiku wa Jumamosi ni kigodoro cha arusi mtaa wa pili. Mtoto wa hapa, kabla hajajua kutamka jina lake, hayo yote yamekwisha kumwingia.

Na kiingiacho mara nyingi hupendwa. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Zajonc, alitoa habari za majaribio yake. Aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana na alama za maandishi wasizozijua, nyingine mara chache, nyingine mara nyingi. Wakazihesabu kuwa njema zaidi zile zilizowapitia mara nyingi, ingawa hawakuambiwa neno lolote la kuzisifu. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walieleza habari za Watsimane, watu wakaao Bolivia mbali na muziki wa Kizungu. Waliwasikilizisha sauti zilizopigwa pamoja, nyingine tuziitazo kwamba zimepatana, nyingine tuziitazo kwamba zagombana. Watu wale wakaziona sawasawa kwa utamu. Hivi hata yale mapatano ya sauti nne, ambayo walimu wa kwaya hudhani kwamba yaliumbwa siku moja na malaika, yaonekana kuwa na mazoea mengi ndani yake.

Mama yetu atuambia kwamba alikuwa msichana katika miaka ya 1980. Siku zile Tanzania Bara ilisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, wala stesheni za watu binafsi hazikuwako, hata ilipofika Radio One mwaka 1994. Sanduku lile moja lilitoa taarabu, na dansi la Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, na ngoma za mikoani, na kwaya za makanisa. Mtoto wa Mkristo na mtoto wa Mwislamu walilishwa chungu kimoja. Nyimbo za ujana ndizo zishikazo kuliko zote: mzee huweza kusahau mahali alipoweka miwani yake, asisahau wimbo wa mwaka aliopevuka. Mama huyu alipozama katika maji ya ubatizo, sikio lake halikuoshwa likawa jipya lisilo na kumbukumbu. Mwongofu huletwa mzima mzima, pamoja na shangazi zake.

Remmy Ongala alijulikana na mji wote wa Dar es Salaam kwa dansi lake. Mtu huyu, mzaliwa wa Kindu katika Kongo ya mashariki, aliyekuja kwetu mwaka 1978 na kuongoza Super Matimila, aligeuka mwishoni mwa maisha yake akaimba nyimbo za Injili, akafariki mwaka 2010. Cosmas Chidumule, aliyekuwa mwimbaji wa Mlimani Park, naye aliacha dansi akaimba Injili. Waliyoyaimba yaligeuka, koo lilikuwa lile lile, na aliyewasikia zamani aliwatambua mara moja.

Tulipompa mwalimu mmoja wa Temeke barua hii aisome, alicheka, akasema kwamba nusu ya kwaya yake ingeweza kuiandika. Mmoja huficha rumba za Kongo ndani ya simu kwa jina la "Mahubiri". Mwingine, tena huyu ndiye aliyetushangaza, ni msichana wa chuo apendaye tenzi za zamani zenye kinanda, naye huwaficha wenzake wa bwenini, akiogopa kuitwa bibi. Tufikiri hapo kidogo. Kama aibu ingekuwa sauti ya dhamiri siku zote, ingalikuwaje mtu akaona haya kwa kumsifu Mungu? Aibu hufuata macho ya watu. Dhamiri hukaa na mtu hata gizani. Mama akifunga mlango akawa na amani kabisa, kisha moyo ukaanza kwenda mbio mumewe apigapo hodi, basi kinachompiga ni hodi. Akifunga mlango na bado moyo wamchoma, hilo ni jambo jingine, na amwendee mchungaji wake.

Twasema hivi kwa sababu katika nyumba zetu aibu nyingi zimevaa kanzu ya dhamiri. Nenda kwenye arusi ya Kikristo ukumbini, popote kati ya Kipawa na Kinondoni. Utasikia nyimbo za mapenzi za Kiingereza, za kukumbatiana na kubusiana, zapigwa wakati wa kukata keki, na wazee wamekaa mstari wa mbele wakitikisa vichwa kwa adabu. Maneno yale yale yakiimbwa kwa Kiswahili, kwa fidla na ganuni, wazee huondoka. Dhambi gani hiyo isafishwayo kwa kutofahamika? Ukichunguza, wengi hawakimbii maneno, hukimbia mtaa. Taarabu na mchiriku na singeli vimekuwa kwao harufu ya uswahilini, na mtu aliyesoma kidogo hataki kunuka uswahilini. Hilo si jambo la wokovu.

Tena taarabu haikuanza kuwa kitu cha aibu. Ilikuwa muziki wa jumba la Sultani wa Unguja, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mwana wa watu wa utumwani, ndiye aliyeiimba kwa Kiswahili ikapendwa na watu wadogo, na mwaka 1928 akasafiri hata Bombay kutia sauti yake katika santuri. Shaaban Robert aliona yafaa kuandika wasifu wake. Tukumbuke pia kwamba Waislamu wengi wacha Mungu hawaipendi taarabu, nao huionea haya vile vile. Mama yetu asidhani kwamba ameleta kanisani siri ya nyumba ya kwanza. Hata huko ilikuwa siri.

Na misheni nazo ziliwahi kuzaa kile zilichokikataza. Freretown, karibu na Mombasa, katika miaka ya 1870, watumwa waliofunguliwa walikusanywa na misheni, na bendi ya matarumbeta ikawako. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aeleza jinsi bendi za namna hiyo, za misheni na za askari, zilivyoigwa na vijana wa pwani ikatokea ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilivyoshindana hapa Dar es Salaam. Wamisionari wakaikemea beni kwa nguvu. Tarumbeta lilikuwa moja.

Lakini lipo jambo kubwa kuliko hayo. Walutheri huimba Ijumaa Kuu wimbo mzito juu ya kichwa cha Bwana kilichovikwa miiba. Wengi hulia. Tuni hiyo ilitungwa na Hans Leo Hassler, akaitoa mwaka 1601 kule Nürnberg katika Ujerumani, na maneno yake yalikuwa ya mtu aliyevurugikiwa akili kwa kumpenda msichana. Mwaka 1613 ikatiwa maneno ya dini, na mwaka 1656 ikaunganishwa na maneno ya Paul Gerhardt juu ya mateso ya Kristo. Johann Sebastian Bach aliitumia mara kadha wa kadha katika Mateso kwa Mathayo, mwaka 1727. Leo nani amkumbuka msichana yule? Amefunikwa na machozi ya miaka mia nne.

Mtu asiruke hapo akasema, Basi kila tuni halali popote. Martin Luther mwenyewe, mwaka 1535, aliuimbisha wimbo wake wa Noeli kwa tuni iliyokuwa ya wimbo wa watu wa mitaani. Na mwaka 1539 akaiondoa, akaweka nyingine. Yadhaniwa kwamba watu walikuwa wakiisikia bado wakaiona ngoma mbele ya macho yao. Tuni haina dhambi, lakini ina kumbukumbu, na kumbukumbu huchukua muda kufa. Ile ya Hassler ilikwisha kumsahau msichana wake. Taarabu iliyopigwa juzi kumwaibisha jirani haijasahau kitu.

Waafrika wenzetu wamefanya kazi njema katika jambo hili. Padre Stephen Mbunga aliandika mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa tuni ya Kihaya. Howard Olson, aliyekuwa mwalimu wa Makumira, akaugeuza kwa Kiingereza, na leo waimbwa hata Ulaya na Marekani. Mababu wa Kihaya waliobatizwa zamani, wakaambiwa waache zeze na ngoma mlangoni, wangalishangaa.

Sasa tumjibu mama.

Kupenda mlio wa fidla si dhambi, mama. Ni ukumbusho wa watu waliokubeba mgongoni. Lakini maneno yapime moja moja, wala usijifiche nyuma ya mlio. Zipo nyimbo za taarabu zilizojaa subira, na huzuni ya kweli, na mafumbo mazuri ambayo watu wa kwaya zetu wangefaa kuyasoma kabla ya kuandika mashairi yao. Na yapo mipasho. Sisi tu wakali juu ya mipasho. Mtu hununua wimbo wa kumtukana mke mwenzake au mpangaji mwenzake, huugeuzia spika dirisha lake, akasimama kutunza fedha kila neno lichomapo. Katika mji wenye nyumba za kupanga, watu sita wa choo kimoja, wimbo huo ni jiwe lililotupwa. Huo usiusikilize hata kwa sauti ya chini, maana utajifunza ustadi wake, na siku jirani akikuudhi utautafuta.

Juu ya arusi, soma waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 8 hata ya 10. Wale walikuwa na shida iliyo sawa na yako. Nyama iuzwayo sokoni yaweza kuwa imetoka mbele ya sanamu, jamaa asiyeamini amwalika Mkristo mezani, je, aende? Paulo hakumkataza kwenda. Alimwambia asiulize-ulize juu ya nyama, ila pakiwapo mtu ambaye dhamiri yake itajeruhiwa, amwonee huruma huyo. Basi nenda, mama. Ni mwana wa dada yako. Usipokwenda, hawatasema kwamba umechukia taarabu. Watasema kwamba Wakristo wamekunyang'anya ndugu zako, na watakuwa wamesema kweli. Mweleze mumewe wako mapema, waziwazi, kwamba utakwenda, na kwa nini. Kama katika kanisa lenu yuko mwongofu mchanga aliyetoka juzi katika mambo hayo na kuanguka mara mbili, usimchukue. Wimbo wa kumchamba mtu ukianza, wanawake hawakosi kazi jikoni.

Juu ya kijana, hapa kalamu yatuwia nzito zaidi. Singeli yenyewe, kwa masikio ya mwandishi huyu, ni kama cherehani iliyopandwa na wazimu. Huzidi mara nyingi mapigo 200 kwa dakika moja, na sisi tuliozoea mwendo wa polepole twachoka kabla ya ubeti wa kwanza. Lakini kuchoka kwetu si andiko. Muziki ule ulizaliwa katika mitaa yetu hii ya pembeni, Manzese na Mburahati na Temeke, kwa vijana wasio na vyombo ila kompyuta ya kukopa, wakachukua vipande vya taarabu na vya mchiriku wakavikimbiza. Ndiyo kusema kwamba kijana yule uani alikuwa akicheza, kwa mwendo wa mbio, kitu kile kile ambacho mama yake alikisikiliza jikoni kwa mwendo wa taratibu! Sikio amerithi.

Baba hakumchapa kwa maneno machafu, kwa jinsi barua isemavyo, maana hakuyasikiliza. Alimchapa kwa sababu jirani, mzee mwenzake wa kanisa, alikuwa akipita. Twamwomba baba huyo, ambaye pengine ausoma ukurasa huu bila kujijua, aketi na mwanawe jioni moja, wausikilize wimbo ule pamoja hata mwisho, na kila neno baya walitaje kwa jina lake. Singeli nyingine ina matusi, nayo ikatazwe kwa matusi yake. Nyingine yasimulia nauli na kodi ya nyumba na mama mgonjwa. Mtoto aliyefundishwa kupima maneno atayapima hata huko kigodoroni asikoonwa na baba. Aliyefundishwa kuogopa nyayo za baba, atajifunza kutega sikio mlangoni, kama mama yake.

Naye mama na amwambie mwanawe kweli. Asimwambie kwamba ilikuwa bahati mbaya, wala kwamba simu ilijiwasha yenyewe. Aseme: hizi ni nyimbo za bibi zako, hizi ndizo nizisikilizazo, na hizi ndizo nisizozisikiliza, na sababu ni hii. Kisha amfundishe moja.

Walimu wa shule za Jumapili twawaomba kazi ndogo mwezi huu. Kila mtoto na amwulize bibi yake wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto au wa kutwanga, wa Kizaramo au wa kabila lolote lililohamia Kipawa, auimbe mbele ya wenzake. Mwalimu aandike maneno, na ajuaye noti aandike na tuni. Mkitutumia nakala kabla ya tarehe 20, tutachapa mbili au tatu.

Barua juu ya vipaza sauti vya mikesha ya maombi zimetufikia nne, mojawapo imeandikwa na mama mwenye mtoto mchanga, ukuta kwa ukuta na kanisa. Tutazijibu mwezi ujao.